Kipindi cha matazamio: kwa nini kipimo cha leo hakikujibu kuhusu jana usiku

Kipindi cha matazamio ni muda kati ya siku vimelea vya ugonjwa vilipoingia mwilini na siku ambayo kipimo kinaweza kuviona. Ndani ya muda huo mtu anaweza kuwa ameshaambukizwa, akapima, akaambiwa hana. Maabara haijakosea, kinachotafutwa bado ni kidogo mno. Wengine hukiita kipindi cha dirisha. Kila ugonjwa wa zinaa una muda wake, na hata ugonjwa mmoja unaweza kuwa na zaidi ya mmoja, kutegemea kipimo kilichotumika.

Muda huu usiuchanganye na muda wa dalili kujitokeza. Kisonono kwa mwanaume mara nyingi huanza kuunguza mkojo na kutoa usaha kati ya siku ya pili na ya saba, lakini wanawake wengi hawaoni kitu. Klamidia hukaa kimya kwa wengi, wake kwa waume. Kidonda cha kaswende huweza kutokea popote kati ya siku 10 na 90. Kwa kawaida hakiumi, na kikiwa ndani ya uke au njia ya haja kubwa hakionekani. Kisha hujifunga chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani. Kwa hiyo kukosa dalili hakuthibitishi chochote.

Kwa VVU, vipimo vya haraka vya kutoboa kidole, ambavyo ndivyo utakavyovikuta kwenye vituo vingi vya afya Dar es Salaam, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana na kirusi. Mwili huchukua siku 23 hadi 90 kuwatengeneza wa kutosha kuonekana. Kipimo cha kizazi cha nne kinachofanywa maabara kwa damu ya mshipani hutafuta pia antijeni p24, ambayo ni sehemu ya kirusi chenyewe, hivyo huona mapema zaidi, kati ya siku 18 na 45. Muulize mhudumu ni kipimo gani anakutumia. Ana wajibu wa kukujibu, na jibu lake ndilo litakaloamua urudi lini.

Kuna jambo moja lisilosubiri kipimo chochote, nalo ni PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Kirusi kikiingia huanza kuzaliana pale kilipoingilia, kisha huhamia kwenye tezi na damu. Kikishajificha ndani ya seli za kinga, hakuna dawa ya kukitoa. Kondomu ikipasuka Jumamosi saa tano usiku, mlango unafungwa Jumanne saa tano usiku. Usingoje Jumatatu kliniki ifunguliwe. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali; za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala hupokea wagonjwa usiku na mchana. Ukifika, usiseme tu "nimekuja kupima," maana utapangwa foleni ya wanaopima kawaida. Sema: "Nimepata tukio la hatari usiku wa kuamkia leo, naomba PEP." Utapimwa kwanza kuhakikisha huna VVU tangu zamani, kisha utapewa dozi ya siku 28. Aliyebakwa aanzie hospitali; fomu ya polisi, PF3, isimcheleweshee dawa.

PEP si P2. Vidonge vya P2 huzuia mimba na havigusi VVU hata kidogo. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaotoka famasi wameshika P2 wakiamini wamemaliza yote, na saa zinawapita.

Sasa kalenda. Tuchukue tukio la tarehe 1 Machi. Siku za mwanzo pima VVU, kaswende na homa ya ini B ili ujue ulikuwa na hali gani kabla ya tukio. Majibu hayo yanasema habari za miezi iliyopita. Kuanzia tarehe 15 Machi, yaani wiki mbili, kipimo cha kisonono na klamidia kinaaminika. Tarehe 12 Aprili, wiki ya sita, rudia VVU na kaswende. Tarehe 30 Mei, siku ya 90, kipimo cha mwisho cha VVU na kaswende. Aliyetumia PEP asiruke hiki cha mwisho, kwa kuwa dawa zinaweza kuchelewesha kingamwili. Katika muda huo wote tumia kondomu hata na mwenza wa nyumbani: mtu aliyeambukizwa karibuni huwa na virusi vingi sana damuni, wakati kipimo chake bado kinasoma hana. Kwa sababu hiyohiyo, kumpima yule mliyekutana naye hakuchukui nafasi ya kujipima wewe. Naye anaweza kuwa ndani ya matazamio yake.

Ukiagiza "chekapu ya magonjwa yote," jua kwamba kipimo kimoja cha magonjwa yote hakipo. Damu huonyesha VVU, kaswende na homa ya ini. Kisonono na klamidia hutafutwa kwenye mkojo au kwa kijiti cha pamba, na kijiti kipite pale palipoguswa: koo na njia ya haja kubwa visipochukuliwa, maambukizi ya huko hayaonekani. Mkojo nao una namna yake. Kwa UTI huchukuliwa wa katikati; kwa klamidia tunataka ule wa mwanzo kabisa, kama mililita 20 hadi 30, na uwe hujakojoa kwa saa moja au zaidi. Ukileta wa katikati, vimelea vimeshasombwa na kwenda chooni. Na ute wa ukeni ukiangaliwa kwa hadubini huonyesha fangasi na trikomona, lakini klamidia haionekani kwa njia hiyo. Kama kituo hakina kipimo chake, daktari anaweza kutibu kwa kufuata dalili, na mwenza atibiwe pia.

Kinachoharibu mambo zaidi ni kumeza antibayotiki "za tahadhari" kabla ya kupima. Vidonge vichache vya azithromycin vinaweza kufifisha kidonda cha kaswende bila kuimaliza, na kukausha usaha huku vimelea sugu vikibaki. Kisonono cha siku hizi kimeshazoea dawa nyingi, ciprofloxacin ikiwemo. Kaswende changa hutibiwa kwa sindano ya benzathine penicillin, yuniti milioni 2.4, na si vidonge vya kubahatisha.

Ukijipima VVU nyumbani kwa ute wa fizi, usile wala kunywa kwa dakika 15 kabla. Soma majibu baada ya dakika 20, yasipite 40, au kwa muda ulioandikwa kwenye boksi. Mstari wa pili hata ukiwa hafifu, nenda kituoni ukathibitishe. Mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo hicho kimeharibika. Na kipimo hiki cha nyumbani usikitumie ukiwa kwenye PEP.

Hofu ina dalili zake pia: tumbo kuvurugika, jasho, usingizi kukatika, vipele ambavyo hukuwahi kuvitazama. Wapo wanaopima kila wiki kwa miezi sita. Kipimo cha siku ya 90 kikisema huna, na hakujawa na tukio jipya tangu siku ya kwanza, suala la VVU kwa tukio lile limefungwa. Anayeendelea kukosa usingizi baada ya hapo anahitaji kuzungumza na mnasihi wa kituoni kuliko kutobolewa kidole tena. Akiwa hapo aulizie chanjo ya homa ya ini B: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza.