Waya Nene za Plagi Haziongezi Moto

Nikiisikia tena sentensi hii nitafunga gereji nikakaange rolex, chapati ya mayai, huko Wandegeya, Kampala: "Fundi, koili paki ina moto mkali, kwa hiyo niwekee waya nene za shaba." Safari hii imetoka kwa mwenye Datsun 1200, kijana mstaarabu kabisa, aliyefika kutoka soko la vipuri la Kisekka na seti nyekundu ya waya za milimita 10, akiamini zitaongeza moto, yaani nguvu ya cheche. Distribyuta, kile kifaa cha zamani cha kugawa umeme kwa kila plagi, tumeshaitoa; koili paki, yaani koili zilizounganishwa pamoja zinazopeleka umeme moja kwa moja kwenye plagi, imeshafungwa; kompyuta ndogo ya kuwasha iko chini ya dashibodi. Zimebaki waya, na hapo ndipo tunapogombana.

Milimita 7, 8 au 10 ni kipimo cha mpira wa nje. Mtu akivaa koti zito hajanenepa. Silikoni nzuri huzuia umeme usivujie kwenye bodi na huvumilia joto la egzosi, na faida yake inaishia hapo. Mimi nauliza kilicho ndani.

Ndani kuna aina tatu: shaba tupu, kaboni, na waya nyembamba iliyoviringwa kama springi. Shaba haina ukinzani (kile kinachozuia umeme kupita) wa maana, kaboni inaweza kuwa na ohmu 10,000 na zaidi kwa mita, na ya springi kwa kawaida iko chini ya kaboni. Basi watu wanapiga hesabu ya haraka: ukinzani mdogo, moto mkubwa. Hesabu hiyo ndiyo inayonikera, kwa sababu inaonekana ya kisomi.

Koili haimwagi volti zake zote kila mara. Volti hupanda mpaka mwanya wa plagi uvukwe. Mwanya ukihitaji 12,000, hupanda hadi 12,000 na cheche ikaruka. Kabla ya hapo karibu hakuna mkondo unaopita kwenye waya, na pasipo mkondo ukinzani hauli kitu. Cheche ikisharuka, mkondo ni miliampea makumi tu. Tuseme 50, kwenye waya ya ohmu 10,000: volti 500 zinabaki njiani. Na kwa kuwa koili paki hupitisha mkondo kwenye plagi mbili na waya mbili kwa mfuatano, weka 1,000. Sitaficha kwamba hapo mkia wa cheche unapungukiwa nguvu. Lakini kazi ya kuwasha petroli huwa imeshaanza, na koili paki nzima ina akiba ya kutosha. Kati ya kaboni nzuri na springi nzuri, kwa gari la kwenda kazini Ntinda na kurudi, sidhani kama dereva atahisi tofauti yoyote, ingawa mimi huweka springi.

Sasa shaba. Kila cheche hupiga kelele ya redio, na shaba tupu huitangaza kelele hiyo injini nzima. Kompyuta yako inahesabu meno ya gurudumu la krenki, nafasi 36 ambazo jino moja limeng'olewa, kupitia sensa yenye ishara dhaifu. Kelele ikiingia humo, kompyuta inaona jino ambalo halipo, inapoteza hesabu, na gari linakatakata ukikanyaga mafuta. Mwenye gari anarudi akisema kompyuta ni feki. Halafu anamleta mzee wake athibitishe kwamba aliendesha na waya za shaba tangu ujana wake bila shida. Shikamoo mzee, ni kweli kabisa, ila platini, swichi ya zamani iliyo ndani ya distribyuta, hazina masikio.

Na hata shaba yenyewe si haramu. Volkswagen Beetle nyingi zilitoka kiwandani na waya za shaba, lakini kofia za plagi zilikuwa na rezista (kifaa chenye ukinzani) ndani, na mara nyingi rota, kile kinachozunguka ndani ya distribyuta, nayo ilikuwa nayo. Ukitoa distribyuta umeitupa rota pamoja na rezista yake, na hili karibu hakuna anayelikumbuka. Kwa hiyo nikikuta shaba naangalia kofia na plagi kwanza. Plagi ya NGK yenye R katika jina, kama BPR6ES, ina takriban ohmu 5,000 ndani yake. Kwenye kompyuta siweki plagi isiyo na R.

Beetle ina mitego mingine. Datsun inawasha silinda zake kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo jozi zake zinazotumia koili moja ni 1 na 4, 2 na 3. Beetle inawasha 1-4-3-2. Jozi zake ni 1 na 3, 2 na 4. Ukiinakili ya Datsun, itakutemea moto kwenye kabureta. Ndani ya jozi, kubadilishana waya si tatizo, maana zote mbili zinapata cheche kwa pamoja. Pia kofia za Beetle zina sahani ya mpira inayoziba tundu kwenye bati linaloelekeza hewa ya kupoozea injini. Waya za kisasa zenye kofia nyembamba huacha tundu wazi, hewa ya feni inatoka nje, na injini inachemka huku wewe ukilaumu mafuta.

Kwenye ncha ya waya inayoingia koili: usilazimishe kichwa cha waya ya distribyuta kiingie kwenye koili paki. Mara nyingi koili inataka kichwa kinachobana juu ya kipini chake, na lazima usikie "tak". Kisiposhika, cheche itaruka humo ndani na kuunguza plastiki. Ukivuta, vuta kofia, usivute waya.

Na tafadhali, usichomoe waya injini ikiunguruma ili kutafuta silinda inayomisi. Ukichomoa ya 1 unaisumbua na ya 4, na koili isiyo na pa kutolea inaweza kujitoboa yenyewe. Subiri giza, zima taa za gereji, nyunyizia maji kidogo kwenye mpira: panapovuja pataonyesha cheche za buluu. Mita ya kupimia ukinzani siiamini sana. Inapima kwa volti chache, na waya iliyosoma vizuri asubuhi inaweza kuvuja ikipashwa moto na kupewa volti 15,000. Kusema waya hii imekwisha, mara nyingi nakisia kwa jinsi mpira ulivyokauka.

Kama umeshaamua kununua: springi ya milimita 8, kofia za silikoni, vichwa vya koili yako, urefu uliopimwa kwa kamba kwenye gari lenyewe. Waya ya sensa ya krenki ipitishe upande wa pili wa injini. Zikilazimika kukutana na za plagi, zikatane msalaba, zisilale sambamba.