Kufukia bahari kwa rojo la viwandani: maana yake

Mtu akikwambia "wanafukia bahari", muulize kwanza: kwa kitu gani, na kinafikaje?

Njia moja ni rojo la viwandani. Taka laini za kiwanda, kama majivu ya makaa ya mawe, mabaki ya migodi au tope jekundu linalobaki alumina (malighafi ya aluminiamu) ikishatolewa, huchanganywa na maji mpaka pampu iweze kuzisukuma bombani. Bomba huishia kwenye shimo, au kwenye kipande cha bahari kilichozungushiwa tuta. Humo rojo hufanya kama urojo uliosahauliwa bakulini: kizito hushuka, maji hubaki juu. Maji hutolewa, rojo jingine humwagwa, na tabaka kwa tabaka panainuka.

Kazi ngumu imo ndani ya bomba. Mwendo ukipungua, chembe hulala chini na kuliziba. Ukizidi, chembe hizohizo hulikwangua mpaka litoboke.

Uingereza waliifanya kwa ukubwa. Karibu na Peterborough, tangu miaka ya 1960, majivu ya vituo vya umeme yaliletwa kwa treni, yakakorogwa na maji, yakasukumwa kwenye mashimo makubwa yaliyobaki baada ya kuchimbwa udongo wa matofali. Huko Gale Common, Yorkshire, majivu yaliyopita bombani yalijenga kilima kizima.

Kwetu Unguja kufukia si jambo geni. Darajani palikuwa na daraja kweli, juu ya hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Leo hori limefukiwa, yamebaki majina. Lakini rojo la taka lina mambo mawili ambayo mimi nayaona mazito mno kwa visiwa vyetu.

La kwanza, chembe laini huchelewa kushikana. Juu panakauka, mtu anapita, na chini bado rojo. Kingston, Tennessee, Marekani, tarehe 22 Desemba 2008, ukingo wa bwawa la majivu ulivunjika na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 zikamwagika mtoni na kwenye makazi ya watu.

La pili ni maji. Majivu ya makaa huwa na sumu kama arseniki, madini ya risasi na zebaki, na maji yanayojichuja humo huweza kuzibeba. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, yenye matundu na mapango, na maji tunayokunywa tunayatoa humohumo chini, kwenye visima na chemchemi. Kinachovuja hakikutani na udongo mzito wa kukizuia.

Kwa hiyo mchanga uliochimbwa chini ya bahari na majivu ya kiwanda, hata vikipita bomba moja, havihesabiwi sawa. Majivu yanahitaji kutandikiwa tabaka lisilopitisha maji kabla ya tone la kwanza kumwagwa, na visima vya jirani kupimwa miaka mingi baada ya bomba kufungwa.