Kinundu Kisichouma

Wagonjwa wengi huanza kwa kuniomba radhi: "Daktari, hata hakiumi, wanangu tu ndio wamenisukuma nije." Kwangu, kutouma hakujawahi kuwa habari njema.

Ninachokihofia ni saratani ya seli za Merkel, aina ya saratani ya ngozi. Ni adimu sana, na haina sura ya kutisha. Ni kinundu kigumu, laini juu, king'aacho kidogo, chekundu, cha zambarau au cha rangi ya ngozi yenyewe, hasa usoni, shingoni na mikononi, panapopigwa na jua. Usitafute doa jeusi kama la melanoma, saratani nyingine ya ngozi; halipo. Ndiyo maana hudhaniwa kuwa jipu au uvimbe wa mafuta. Katika utafiti wa wagonjwa 195 uliochapishwa mwaka 2008, zaidi ya nusu ya vinundu vilidhaniwa kuwa si saratani hadi vilipopimwa, na asilimia 88 havikuwa na maumivu.

Mimi huuliza muda kabla ya rangi. Wiki sita zilizopita kilikuwaje? Kikiwa kimekua maradufu ndani ya miezi mitatu, sisubiri. Haraka yangu huzidi kama mgonjwa amevuka miaka 50, amepandikizwa figo, ana VVU au saratani ya damu, kwa sababu kinga dhaifu huifungulia njia. Vivimbe 8 hivi kati ya 10 hubeba kirusi kilichogunduliwa mwaka 2008, ambacho wengi wetu tunaishi nacho bila kujua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, kwa hiyo nakiamini kidole kuliko jicho: nakibonyeza kinundu, kisha napapasa tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Saratani hii hukimbilia kwenye tezi mapema.

Jibu la uhakika hutoka maabara. Chini ya hadubini seli zake ni ndogo na za buluu, zinafanana mno na za aina moja ya saratani ya mapafu. Wataalamu wa maabara huitofautisha kwa kupaka rangi maalumu zinazoonyesha protini. Ile ya protini iitwayo CK20 huacha kidoa pembeni ya kiini cha seli.

Kinachoniumiza ni kinundu kilichokatwa kikatupwa. Mgonjwa anarudi miezi baadaye na uvimbe kwapani, na hakuna kipande cha kupima. Ukitolewa chochote mwilini, uliza kabla hujavaa shati: kinapelekwa maabara gani, na majibu nifuate lini?