Mama Ana Kisukari, Mtoto Sukari Inashuka

“Mama yake ana kisukari, kwa hiyo na huyu sukari iko juu. Msimpe ziwa kwanza.”

Kauli hii naisikia wodini kwa bibi, kwa shangazi, na inaniudhi zaidi ninapoisikia kwa mhudumu mwenzangu. Ni kinyume kabisa. Mtoto wa mama mwenye kisukari, kiwe cha mimba au cha miaka mingi, hatari yake saa za mwanzo ni sukari kushuka.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, insulini yake, ile homoni inayoshusha sukari, haipiti. Basi kongosho la mtoto hutengeneza insulini nyingi tangu tumboni kuikabili sukari hiyo. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma papo hapo, lakini insulini ya mtoto bado imejaa tele. Ndani ya saa 1 au 2 sukari yake inaweza kuporomoka. Ukimnyima ziwa wakati huo, unamsukumia huko huko anakoelekea.

Tena maziwa ya mama hayamwambukizi mtoto kisukari! Dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, hata kijiko kimoja, ndiyo tiba ya kwanza. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, alazwe kifuani ngozi kwa ngozi maana baridi humalizia sukari, apimwe nusu saa hivi baada ya kunyonya, kisha kabla ya kila kunyonya, kila saa 2 hadi 3, kwa saa 12 angalau. Na ushauri ambao sichoki kuutoa: mjamzito mwenye kisukari amuulize daktari wake kuhusu kukamua dang'a kidogo kidogo kuanzia wiki ya 36 na kuihifadhi. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2017 haukuona madhara kwa watoto, ilimradi mama hana tatizo jingine la ujauzito.

“Kilo 4 na nusu! Huyu ana akiba.” Unene huo mara nyingi ni kazi ya insulini ile ile. Apimwe. Njiti na waliozaliwa wadogo ndio hawana akiba kabisa. Hao tunawafuatilia saa 24.

“Angekuwa na shida angetetemeka.” Wapo wanaotetemeka. Wapo wanaolegea, wanaolia kwa sauti dhaifu au kukataa ziwa. Wengine hawaonyeshi chochote, na kusubiri dalili ni kusubiri degedege. Ndiyo maana tunachoma pembeni mwa kisigino kupata tone la damu, bila kungoja ruhusa ya ukoo mzima.

“Mbona wangu hakupimwa?” Kwa sababu alitimiza miezi yake, ananyonya vizuri na hana kihatarishi. Sukari ya kila kichanga hushuka kidogo saa za mwanzo, kisha hupanda yenyewe.

“Nimempa maji ya sukari.” Au asali. Acheni, jamani. Maji ya sukari hujaza tumbo dogo, hupandisha sukari kwa muda mfupi na kuichokoza insulini upya. Asali inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli. Asipewe kabla ya mwaka 1. Najua mtaniambia hospitali nasi tunatoa glukosi. Tunaitoa kwa uzito: jeli ya asilimia 40, mililita 0.5 kwa kila kilo, ikisuguliwa ndani ya shavu na ziwa likifuata. Asiyeweza kunyonya au mwenye dalili huwekewa mshipani dextrose (glukosi ya maji) ya asilimia 10, mililita 2 kwa kilo, kisha dripu.

“Tulimpima nyumbani kwa mashine ya babu.” Mashine nyingi za mtu mzima hazikutengenezewa damu nzito ya kichanga, na hukosea zaidi sukari ikiwa chini. Hata za wodini, zikionyesha chini ya milimoli 2.5 kwa lita, tunaanza tiba huku damu ikipelekwa maabara. Na kisigino kisafishwe, kikauke: chembe ya sukari ikibaki kwenye ngozi, mashine itakupa namba nzuri ya uongo.