Ukifika Amani, inama

Safari hii nimepanda tena na wanafunzi hadi Amani, hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara Mashariki, na swali likawa lilelile. Tulikuwa tumetembea saa nzima kando ya Mto Zigi pale mmoja wao aliponisogelea na kuuliza kwa adabu, "Mwalimu, wanyama wenyewe wako wapi?" Wiki mbili kabla alikuwa Mikumi, na macho yake bado yalikuwa yanatafuta mbali, kwa urefu wa twiga. Nikamwonyesha jiwe lililokuwa usawa wa goti lake.

Upande wa jiwe usiopata jua, juu kidogo ya maji, palikuwa na kishada cha majani manene yenye vinyweleo, na maua matatu ya zambarau. Kila ua halikuzidi sarafu ya shilingi mia, na katikati lilikuwa na vitone vya njano kama chavua iliyomwagika. Hilo ndilo ua la Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya enzi za Wajerumani, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha. Leo jamaa zake wa kufugwa wamejaa madirishani Ulaya na Marekani, lakini kwenye asili yake linashikilia mawe yenye kivuli na unyevu, na mbegu zake ni kama vumbi. Jiwe likikosa kivuli kwa muda mrefu, ua hilo haliwezi kuhama. Linakufa.

Nimeanza na ua kwa sababu watu wengi hupima umri wa msitu kwa unene wa miti. Mti mnene unaweza kuwa na miaka mia mbili au mia tatu, nao ni mtoto mbele ya msitu uliouzaa. Misitu ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima kuanzia vilima vya Taita kule Kenya hadi Udzungwa, imekuwepo kwa mamilioni ya miaka. Zama za barafu zilipoikausha sehemu kubwa ya Afrika na misitu ikarudi nyuma, Bahari ya Hindi iliendelea kuleta unyevu, na milima hii ikaukinga. Ndiyo maana Amani mvua haingoji masika na vuli peke yake. Kwa hiyo ukitaka kuuona ukongwe wa msitu, tafuta viumbe wasioweza kusafiri. Kama wapo, na hawapo kwingine, ujue kivuli hakijakatika mahali hapo tangu zamani sana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni chura mdogo aitwaye Nectophrynoides tornieri. Vyura tuliowazoea hutaga majini, mayai yakawa viluwiluwi, viluwiluwi wakaota miguu. Huyu hatagi. Mayai hukulia ndani ya mama, naye huzaa vichura vilivyokamilika, vyenye miguu yote minne, vidogo kuliko ukucha wa kidole chako. Hahitaji dimbwi hata kidogo, lakini anahitaji hewa yenye unyevu na majani yaliyolowa, mwaka hadi mwaka. Mtoe kwenye msitu, umpitishe kwenye shamba la chai lililo jirani mchana wa jua kali, hafiki ng'ambo.

Ndugu yake, chura wa Kihansi, naye anayezaa, Watanzania wengi wanamjua kwa habari za kusikitisha. Alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi tu. Maji yakapunguzwa kwa ajili ya umeme, ukaja na ugonjwa wa ukungu wa ngozi, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Ukungu huo husafiri kwenye matope. Basi ninapowaambia wageni wasugue viatu na kuvianika juani vikauke kabisa kabla ya kuingia Amani, wasione kwamba nawasumbua. Nimemshika chura wa Amani kwenye jani, mkono wangu ukiwa na glavu iliyolowa, nikaona tumbo lake limejaa watoto. Sitaki kuwa mimi niliyemletea ugonjwa kwa soli ya kiatu.

Si kila kinachodumu Amani kimetulia. Hondohondo, yule mkubwa mwenye pembe juu ya mdomo, utamsikia kabla hujamwona, maana mabawa yake yanavuma kama mtu anayekung'uta turubai. Anakula matunda huku anamwaga mbegu kule, na kwa miti mingi ya asili hiyo ni huduma kubwa. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye bustani ya mimea ambayo Wajerumani walianzisha Amani mwaka 1902, uliletwa mti wa Maesopsis eminii kutoka magharibi zaidi. Hondohondo akayapenda matunda yake. Baadaye wapasua mbao walipofungua mapengo makubwa msituni, mbegu zilikuwa tayari zimesambazwa, na mti huo unaopenda mwanga ukajaa kwenye mapengo. Ukipita njia za juu utauona kila mahali, mrefu, umenyooka, na mgeni asiyejua atausifu kwamba msitu umeshona. Mimi moyo unanishuka. Msitu uliojaa kijani si lazima uwe msitu wenyewe. Hata hivyo simlaumu ndege. Jike lake hujifungia kwenye tundu la mti na kuliziba kwa udongo, akiacha ufa tu wa kupokelea chakula kutoka kwa dume, na tundu la namna hiyo halipatikani kwenye mti mchanga.

Kuhusu ziara yenyewe sina mengi. Geti liko Zigi, njia ya kutoka Muheza, na hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1997, ina zaidi ya hekta 8,000, kwa hiyo usijaribu kuimaliza. Chukua mwongoza wageni wa pale kijijini, maana macho yao yanaona kisichoonekana. Usigeuze mawe ya mtoni. Chini yake kuna kaa na wadudu wanaokaa humo, na maji haya ndiyo yanayoshuka hadi mabomba ya Tanga. Ua usichume hata moja.

Ila lala angalau usiku mmoja, utembee na tochi. Mchana kinyonga ni jani kati ya majani. Usiku anapolala rangi yake hupauka, na mwanga ukimpiga anang'aa kwenye tawi kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba.

Mwanafunzi yule alikuja na tochi ndogo ya simu. Saa ya kwanza aliangaza juu kwenye matawi, hakuona kitu. Mwongozaji akamgusa bega, "Kijana, shusha." Akashusha hadi usawa wa paja, na pale, kwenye shina jembamba kuliko penseli, alikuwepo kinyonga wa majani, mfupi kama kidole cha shahada, kahawia kama jani lililokauka, na kidevu chenye kindevu. Mkia wake hata hauwezi kujizungusha vizuri kwenye tawi. Kijana akachuchumaa, akazima simu ili asimwamshe, na kwa muda mrefu tukawa gizani tunasikiliza Zigi.

Tuliporudi kambini alikuwa amehesabu vinyonga 11.