Programu ya mlo si kompyuta

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akisema «kesho niko na programu», kila anayemsikia anaelewa kwamba siku yake imekwisha kupangwa. Lakini mtu huyohuyo akielezwa habari ya programu ya mlo wa mgonjwa wa sukari, neno linageuka ghafla kuwa kompyuta, na punde utasikia, kama nilivyosikia mara tatu mwezi huu, kwamba «programu imemkataza bugali».

Maana ya programu ya mlo ni fupi: ni mpango wa vyakula vya siku au juma, uliokokotolewa kwa mashine ili wanga, nguvu na chumvi visivuke mipaka aliyowekewa mgonjwa.

Neno lenyewe lilianzia katika Kigiriki, likiwa tangazo lililoandikwa hadharani, likatufikia kwa njia ya Kifaransa. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig alibuni hesabu ya kugawa vitu vichache kwa mahitaji mengi, na «programu» iliyoingia katika jina la hesabu hiyo (kwa Kifaransa «programmation linéaire») ilikuwa ile ya wanajeshi, yaani mipango ya mafunzo na ugavi, wala si maagizo yanayoandikiwa kompyuta. Ilijaribiwa kwa swali la mlo: vyakula 77, virutubishi 9, gharama iwe ndogo kabisa. Makarani waliokuwa na mashine za mezani za kujumlishia walitumia takriban siku 120 za kazi ya mtu mmoja. Kompyuta haikutumiwa; programu ilikuwapo.

Miaka michache baadaye Dantzig alitaka kupunguza uzito wake mwenyewe, safari hii kwa kompyuta, nayo ikampangia galoni 500 za siki. Siki ilipoondolewa, vikaja vidonge 200 vya kukolezea supu, kwa kuwa hakuna aliyeweka kikomo cha chumvi. (Mwenye kisukari na presha pamoja ataelewa uzito wa kisa hiki kuliko mimi.) Mashine ilikuwa imetii tu.

Ndugu yangu aliyekatazwa bugali angeuliza kwanza ni nani aliyeandika kikomo cha wanga, na kama jedwali la vyakula lililotumiwa linaujua unga wa muhogo, sombe (majani ya muhogo) na sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu), au lilitungwa kwa ajili ya walaji wa mkate. Huenda akakuta kwamba bugali haukukatazwa, ila tonge limepunguzwa, na aliyelipunguza ni muuguzi wake.