Bresi ukubwani: maswali ya watu wazima wa Nairobi

Mtu anayeketi kwenye kiti cha daktari wa meno akiwa na miaka 35 au 50 haji na maswali ya mtoto aliyeletwa na mamake. Huyu anajilipia mwenyewe, kazi yake ni ya kukutana na watu, na mara nyingi amekaa miaka mingi na hamu ya kuwekewa bresi, zile waya za kupanga meno, bila kumwambia mtu. Haya ndiyo anayouliza.

Nina miaka 44. Mifupa yangu si imeshakomaa?

Imekomaa, lakini haijafa. Jino halikukwama kwenye taya kama msumari ndani ya saruji. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi laini zinazolishikilia. Waya unaposukuma jino, mfupa ulio mbele yake humomonyolewa polepole na seli maalum, na nyuma yake mfupa mpya hujengwa. Mwili hufanya kazi hiyo hata ukiwa na miaka 60. Mwendo wake ni mdogo, takriban milimita moja kwa mwezi, ndiyo maana wengi hukaa na bresi mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Tofauti kubwa na mtoto ni kwamba taya lako halikui tena. Kama tatizo ni taya lenyewe, kwa mfano la chini limetangulia mbele sana, huenda bresi peke yake isitoshe na ukahitaji upasuaji.

Mbona daktari alikataa kuniwekea siku ileile, akaanza na habari za fizi?

Mshukuru. Huyo anajua kazi yake, na mimi ningemkimbia asiyekuangalia fizi.

Watu wazima wengi wana ugonjwa wa fizi bila kujua, kwa sababu hauumi. Ukipiga mswaki unaona damu kidogo kwenye sinki, unasuuza, unakimbilia matatu. Damu hiyo ni dalili. Ukoga ukikaa kwenye meno hugeuka ugaga mgumu, fizi huvimba, na baadaye mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Sasa fikiria kulisukuma jino ambalo mfupa wake unaliwa: badala ya kuhama na kutulia, hulegea, na unaweza kulipoteza kabisa. Kwa hiyo daktari hupima kina cha fizi kwa kijiti chembamba, hupiga eksirei ya mdomo mzima, hukwangua ugaga, kisha husubiri hadi fizi zitulie. Mwenye kisukari apate kwanza nafuu ya sukari. Mvutaji sigara aache, maana moshi huficha damu ya fizi huku uharibifu ukiendelea ndani. Kama una mimba au unahisi unayo, sema kabla ya eksirei.

Sema pia meno yaliyong'olewa ni yapi, na kama unapanga kuwekewa jino la kupandikiza. Jino la kupandikiza hushikana na mfupa moja kwa moja, wala bresi haiwezi kulisogeza. Kwa kawaida meno hupangwa kwanza, pengo lizibwe baadaye.

Nilikulia Nakuru na meno yangu ni ya kahawia. Bresi itashika?

Itashika, ila mwambie daktari mapema. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hutoa floridi nyingi kwenye maji, na hata visima vingi vya kuchimbwa hapa Nairobi hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika ndani ya fizi, yatatoka na madoa. Gamba la jino la namna hiyo hukataa asidi ambayo daktari hupaka ili gundi ishike, hivyo vile vipande vya chuma hubanduka kwa urahisi zaidi. Kuna njia za kuandaa jino vizuri, na daktari aliyesomea Kenya amekutana na meno haya mara nyingi. Si aibu yako. Ni maji uliyopewa.

Itauma?

Kubandikwa hakuumi. Uchungu huanza saa chache baadaye, huzidi siku ya kwanza na ya pili, kisha huisha ndani ya wiki moja hivi. Panadol husaidia. Hurudi kidogo kila waya unapokazwa, yaani kila baada ya wiki nne hadi nane. Waya ukichoma shavu usiku, bonyezea nta uliyopewa, kisha upige simu kliniki asubuhi.

Nitakula nini?

Siku za mwanzo kunywa uji, kula ndengu, parachichi, wali na mchuzi. Ugali hauna shida. Baadaye utarudia karibu kila kitu, isipokuwa vigumu na vya kunata: mahindi choma ya kando ya barabara, miwa, mabuyu, karanga, na mfupa wa nyama choma unaopenda kuutafuna. Githeri ichemke hadi mahindi yalainike. Manjano ya bizari hupaka rangi vile viraba vyeupe vinavyoshika waya, basi chagua vya rangi nyingine. Soda ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sukari na asidi hukaa chini ya waya. Bresi ikitolewa, unabaki na alama nyeupe za chokaa pale kila kipande kilipokuwa. Mtafuna miraa na bigijii, yaani chingamu, ana shida mbili kwa pamoja: sukari na kunata.

Piga mswaki kila ukila, kwa dawa yenye floridi, na upitishe kale kabrashi kadogo chini ya waya.

Nitajuaje kwamba nimefika pazuri?

Daktari wa meno lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti yao. Uliza kama amebobea katika kupanga meno. Uliza pia bei inajumuisha nini: eksirei, kukwangua, ziara za kukaza waya, kipande kikibanduka, na mwishoni riteina, kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka. Watu hushangazwa na hilo la mwisho. Bima nyingi huhesabu bresi kuwa urembo, basi piga simu kwanza. Usikubali kubandikwa waya saluni au nyumbani kwa mtu, hata kama ni fasheni tu. Waya unasukuma jino hata kama aliyeubandika hajui unakolipeleka.

Zikitolewa, nimemaliza?

Hapana, na hapa ndipo pesa za wengi hupotea. Zile nyuzi za mzizi hukumbuka mahali pa zamani na kuvuta jino lirudi. Kwa miezi ya mwanzo riteina huvaliwa karibu saa zote, baadaye usiku, na kwa mtu mzima usiku huo hauna mwisho. Daktari wengine hugandisha waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele. Usiioshe riteina kwa maji moto, itapinda. Nyingi hupotea hotelini: mtu huivua ale, anaifunga kwa tishu, mhudumu anakuja kuchukua sahani na tishu pamoja. Itie kwenye kikasha chake kabla ya kuagiza chakula.